Si Kila Homa ni Malaria: Walinzi wa Damu Wanapougeukia Mwili



Mwaka jana nikiwa katika mazoezi ya kichungaji upande wa Handeni, tulimzika kijana wa kwaya ya kigango, mwimba besi, mwenye umri karibu sawa na wangu. Homa ilimwanza wakati wa palizi. Alipimwa malaria mara nne na kila mara majibu yalisema hakuna vimelea. Hata hivyo alipewa dawa za malaria, kisha za taifodi, kisha za minyoo. Akakonda, macho yakawa ya njano, na upande wa kushoto wa tumbo ukajaa. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, familia iliambiwa kwamba ni saratani ya damu ya aina isiyo ya kawaida. Siku nane baadaye alifariki. Kabla arobaini haijafika, jina la shangazi yake, mjane anayeishi peke yake, lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji kizima.

Baba wa marehemu alinifuata baada ya ibada ya Jumapili akaniuliza: "Frateri, saratani ya titi naijua, uvimbe unaonekana. Saratani ya kizazi nimeisikia. Lakini damu ni maji. Maji yanaotaje saratani?" Nilikuwa na majibu mengi ya falsafa kichwani, na hata moja halikumfaa. Nilimwambia, "Mzee, nipe muda niulize." Makala hii ni malipo ya deni lile. Sitadai kwamba kijana wetu alikuwa na ugonjwa huu huu nitakaoueleza, kwa maana familia haikupewa jina kamili. Nitaeleza kundi moja la magonjwa adimu ya damu, yale ya seli zinazoitwa NK, kwa sababu kwa kuyaelewa haya tunaelewa jinsi damu inavyoweza kuugua saratani, na kwa nini ugonjwa wa namna hiyo hujificha nyuma ya homa za kila siku.

Damu si maji tu

Tukiiacha damu itulie ndani ya chupa ndogo ya maabara, hujitenga. Juu hubaki maji ya rangi ya njano, na chini hutuama seli, yaani chembe ndogo zilizo hai. Seli nyekundu hubeba hewa ya oksijeni. Chembe sahani huzuia damu isiendelee kutoka tunapojikata. Seli nyeupe ni walinzi. Zote huzalishwa hasa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo katikati ya mifupa.

Kila seli ina muda wake. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani kama siku 10, halafu hufa na nyingine huchukua nafasi zake. Mwili wenye afya ni kama shamba linalopaliliwa vizuri: kinachoota na kinachong'olewa huenda sawa. Saratani huanza pale seli moja inapopoteza utii kwa utaratibu huo. Inakataa kufa kwa wakati wake, inazaa seli nyingine mfano wake, nazo zinazaa nyingine.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee. Uvimbe ni sura moja tu ya saratani. Jambo hilo likitokea kwenye titi, seli zinarundikana mahali pamoja na mkono unaligusa donge. Likitokea kwenye damu, seli hazikai mahali pamoja, zinatembea. Donge halionekani, bali zinajaza uboho mpaka seli nzuri zinakosa nafasi, na zinajaza viungo ambavyo damu hupita kwa wingi: bandama, ini na mitoki. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani ya damu hupauka kwa kukosa seli nyekundu, hutokwa damu puani au kwenye fizi kwa kukosa chembe sahani, na hushikwa na homa mara kwa mara kwa kukosa walinzi wazima.

Sungusungu wa mwili

Miongoni mwa seli nyeupe kuna kundi liitwalo limfosaiti. Wengi wetu tulisoma sekondari kuhusu aina mbili za limfosaiti, B na T. Seli B hutengeneza kingamwili. Seli T hujifunza kumtambua adui mmoja mmoja na kumkumbuka. Aina ya tatu haikujulikana mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1975 Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell, waliokuwa wakifanya utafiti huko Stockholm, Sweden, walieleza seli za panya zilizoua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Marekani, Ronald Herberman na wenzake walikuwa wameona jambo hilo hilo. Seli hizo zikapewa jina linalomaanisha "wauaji wa asili", nalo kwa kifupi huandikwa NK. Katika damu ya mtu mzima mwenye afya, huwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya limfosaiti zote.

Zinamjuaje adui bila kufundishwa? Jibu la kuvutia lilitolewa katika miaka ya 1980 na Klas Kärre, naye Msweden. Seli karibu zote za mwili wetu hubeba juu ya ngozi yake alama fulani za protini zinazosema, "Mimi ni wa nyumba hii." Virusi vikiingia ndani ya seli, au seli ikianza kugeuka saratani, mara nyingi alama hizo hupungua au hupotea, kwa kuwa adui anajaribu kujificha asionwe na seli T. Seli ya NK hutafuta hasa upungufu huo.

Fikiria sungusungu wanaozunguka kijiji usiku. Hawana picha ya mwizi mfukoni. Wanamsimamisha kila wanayemkuta na kumwuliza, "Wewe wa nyumba gani?" Mwenye kujibu vizuri anapita. Asiye na jibu, na mwenye dalili nyingine za kutiliwa shaka, anashikwa. Seli ya NK hufanya hivyo hivyo. Huigusa seli nyingine, hupima alama zinazomzuia na alama zinazomchochea, halafu huamua. Ikiamua kuua, hutoa protini iitwayo perforini inayotoboa ukuta wa seli ile, na kupitia matundu hayo hupenyeza vimeng'enya viitwavyo granzaimu vinavyoiamuru seli ijiue yenyewe. Seli za jirani hazidhuriki. Kazi hii inaendelea ndani yako wakati unasoma mstari huu.

Walinzi wanapoasi

Sasa, je, walinzi wenyewe wakiugua? Magonjwa ambayo seli za NK huongezeka isivyo kawaida ni machache sana duniani, na madaktari huyagawa katika sura kuu tatu.

Sura ya kwanza ni ya polepole. Seli za NK huongezeka katika damu na kubaki nyingi kwa zaidi ya miezi sita, lakini hazina ukali. Huwapata zaidi watu wazima, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 60 hivi. Wengine hawasikii chochote, na jambo linagunduliwa kwa bahati wakati wa kupimwa damu kwa sababu nyingine. Wengine hupungukiwa damu, au hupungukiwa seli nyeupe za aina nyingine na hivyo kupata maambukizi ya mara kwa mara. Ni kama kijiji chenye sungusungu wengi kupita kiasi: hawampigi mtu, ila wanakula chakula cha wenyeji. Kwa baadhi ya wagonjwa imeonekana kwamba jeni moja iitwayo STAT3 imebadilika, na ile amri ya "endelea kuishi" imebaki wazi kama bomba lisilofungwa. Mgonjwa asiye na dalili huangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Mwenye dalili hupewa dawa za kutuliza kinga, kama vile methotreksati kwa dozi ndogo, na wengi huishi nayo miaka mingi.

Sura ya pili ni kinyume chake kabisa. Ni lukemia kali ya seli za NK. Huwapata zaidi vijana na watu wa umri wa kati. Huanza kwa homa kali isiyokoma, jasho la usiku, kukonda, manjano, ini na bandama kuvimba, na chembe za damu kushuka. Ugonjwa huu hukimbia. Wagonjwa wengi hufariki katika muda wa wiki au miezi michache tangu ugundulike. Tumaini lililopo ni dawa kali za saratani, hasa zile zenye asparajinasi, zikifuatiwa na kupandikizwa uboho pale inapowezekana.

Sura ya tatu haianzii kwenye damu bali puani na kwenye kaakaa. Ni limfoma ya seli za NK. Pua inaziba upande mmoja kwa muda mrefu, inatoa damu, uso unavimba, na mwisho nyama na mfupa huanza kuliwa. Zamani iliogopwa sana na haikueleweka. Leo, ikigunduliwa mapema kabla haijasambaa, tiba ya mionzi pamoja na dawa huwaponya wengi.

Sura hizi mbili za mwisho zinaonekana zaidi katika nchi za mashariki ya Asia, kama China, Japani na Korea, na pia Amerika ya Kati na ya Kusini. Zote mbili zina mshirika mmoja anayepatikana ndani ya seli karibu kila mara. Ni virusi, na jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba historia ya kugunduliwa kwake ilianzia hapa Afrika Mashariki.

Virusi vilivyogunduliwa kutoka Kampala

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, meno yakilegea, na wengine uvimbe ukiwa tumboni. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kwa wiki 10 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali, Tanganyika ikiwamo, na kuuliza swali lile lile: mmewaona watoto wa namna hii?

Waligundua kwamba ugonjwa hufuata joto, mvua na mwinuko wa nchi. Katika sehemu hizi za Afrika haukuonekana sana juu ya mita 1,500 hivi. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Msomaji wa Tanga ataelewa haraka: kwa kipimo hicho, tambarare za Korogwe na Handeni zimo ndani ya ukanda huo, lakini vilele vya Usambara vimebaki nje.

Mwezi Machi mwaka huo huo wa 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti Anthony Epstein, aliyehisi kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unasababishwa na kiumbe kinachoambukiza. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 kifurushi kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikaelekezwa Manchester, na seli zilizofika zilikuwa zikielea hai katika maji yake. Kutokana na seli hizo, Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong waliviona virusi kwa darubini ya elektroni, na mwaka 1964 wakatangaza. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Msomaji asiogope. EBV karibu kila mtu anavyo. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavibeba, na katika nchi zetu watoto wengi huambukizwa wakiwa bado wadogo sana, kwa mate: kijiko kimoja, busu, kikombe cha pamoja. Kwa kawaida hujificha ndani ya seli B, navyo huwekwa chini ya ulinzi wa seli T na seli za NK maisha yote. Kwa watu wachache sana, kwa sababu zinazohusu urithi na mazingira, vinaingia ndani ya seli za NK zenyewe na kuzigeuza. Hapo mlinzi anakuwa nyumba ya mwizi.

Huku kwetu EBV imeonyesha uso wake mkali zaidi kwa njia ya Burkitt, ikisaidiwa na malaria. Malaria ya mara kwa mara huzichosha seli T zinazopaswa kuvidhibiti virusi, na wakati huo huo huzichochea seli B kuzaliana kwa wingi, hivyo nafasi ya kosa inakuwa kubwa. Tanzania imekuwa sehemu ya utafiti huo tangu zamani. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa North Mara waligawiwa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza Burkitt. Ugonjwa ulipungua, ingawa ulikuwa umeanza kushuka kabla, kwa hiyo watafiti hawakuweza kuipa dawa sifa yote. Karibu na nyumbani, Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, kingine cha Tanzania kikiwa Bagamoyo. Chanjo hiyo ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Watoto wa Korogwe waliochomwa sindano zile wamewasaidia watoto wa bara zima.

Kwa nini ugonjwa hujificha

Turudi kwa kijana wetu. Homa, kukonda, bandama kuvimba, damu kupungua: ni mambo yanayoonekana kila siku kwenye zahanati za Handeni na Korogwe, na mara nyingi sana sababu yake si saratani. Malaria iliyorudi mara nyingi huvimbisha bandama. Kichocho huvimbisha bandama. Kifua kikuu huleta jasho la usiku na kukonda. VVU huleta yote hayo. Selimundu hupunguza damu. Mganga wa zahanati anayeanza na hayo anafanya sawasawa, kwa kuwa hekima ya udaktari ni kuanza na kilicho cha kawaida.

Tatizo huanza tunapokataa kuondoka pale tulipoanzia. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda wetu huu. Kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa kweli na vimelea katika damu. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine uliokuwa ukiendelea chini ya jina la malaria. Tangu hapo kipimo cha haraka kimefika hadi zahanati za vijijini, na malaria yenyewe imepungua sana katika vijiji vya Korogwe vilivyofuatiliwa. Maana yake ni moja: kadiri malaria inavyopungua, ndivyo homa isiyo malaria inavyostahili kuulizwa vizuri zaidi. Lakini mazoea yetu yanachelewa. Kipimo kikisema hapana, bado tunasema, "Malaria imejificha."

Kipimo cha kwanza kinachoweza kufumbua fumbo si cha ajabu. Ni kile ambacho hospitalini wanakiita FBP, yaani picha kamili ya damu. Huhesabu seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani. Kikionyesha hesabu zisizoeleweka, damu hupakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Seli za NK zilizozidi huonekana kama limfosaiti kubwa zenye punje punje ndani. Kinachofuata ni kuchukua uboho kidogo kutoka mfupa wa nyonga, au kinyama cha mtoki au cha pua, na kukipima kwa mashine na dawa maalumu zinazotambua alama za kila seli. Hapo ni kazi ya hospitali kubwa: KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza ambayo ni ya maaskofu wetu, Muhimbili, na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kutoka Korogwe hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Dar es Salaam ni karibu 300. Kwa mkulima wa mahindi wa Sindeni au kibarua wa mkonge, umbali huo ni ng'ombe aliyeuzwa.

"Ni nini?" na "Ni nani?"

Hapa naomba nitumie kidogo yale ninayosoma darasani. Mtu akifiwa, maswali mawili hutoka kinywani mwake kama swali moja. La kwanza: imetokeaje? La pili: kwa nini yeye, si mwingine? Aristotle alitufundisha kutenganisha aina za sababu kabla ya kutafuta jibu. Swali la kwanza linaitaka sababu iliyo ndani ya vitu, nalo linajibiwa kwa darubini. Swali la pili linatafuta maana. Tatizo la kumtaja mchawi ni kwamba linachukua swali la pili, linalijibu kwa jina la jirani, kisha linadai limejibu na la kwanza.

Tuyapime majibu yote mawili. Dai la daktari linaweza kukosolewa: akisema ni malaria, kipimo kinaweza kumkatalia, naye analazimika kubadili neno. Dai la mpiga ramli halikosolewi na chochote. Mgonjwa akipona, sifa ni yake. Asipopona, mchawi alikuwa na nguvu zaidi. Na yule mjane aliyetajwa atajitetea kwa kipimo gani? Hakuna. Jibu lisiloweza kukosolewa linatisha hasa linapomwangukia mtu asiye na mtetezi.

Kuna jambo la pili. Anayeamini uchawi hufikiri kwamba kuna kitu kibaya "kilichotupwa" ndani ya mgonjwa. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba ubaya si kitu kinachosimama chenyewe, bali ni kupungukiwa kwa wema uliopaswa kuwapo. Sijaona mfano unaolionyesha hilo kuliko seli hii. Kila ilicho nacho seli ya NK ni chema: uwezo wa kuzaliana, wa kutembea, wa kumwua adui. Saratani haikuiongezea uovu wowote mpya. Imeipunguzia utaratibu, yaani kujua kikomo na kusudi la kazi yake. Na virusi je, havikutoka nje? Vilitoka nje, ni kweli. Lakini tukimtafuta aliyevileta, yaelekea tutamkuta mama aliyeonja uji kwa kijiko kabla ya kumlisha mtoto wake, kwa upendo, miaka ishirini na zaidi iliyopita. Hakuna wa kushtakiwa.

Swali la pili, "kwa nini yeye?", linabaki. Sitajifanya nina jibu lake. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye alikataa uchaguzi wote mawili (Yohane, sura ya 9). Hakumtaja wa kulaumiwa. Alianza kutenda. Nadhani ndiyo njia tuliyoachiwa.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tujue dalili zinazostahili safari. Homa inayozidi wiki mbili na vipimo vya malaria vinakataa. Kukonda bila sababu na jasho la usiku linalolowesha shuka. Kupauka, kutokwa damu puani au kwenye fizi, madoa ya damu chini ya ngozi. Mitoki isiyo na maumivu inayozidi kukua. Tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Pua kuziba upande mmoja kwa wiki nyingi na kutoa damu. Kwa mtoto, taya au tumbo kuvimba kwa siku chache tu; Burkitt hukua haraka kuliko saratani nyingine, lakini ni miongoni mwa zinazosikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona wakiwahi. Mwenye dalili hizi aombe kwa heshima kupimwa FBP, na kama hakipo hapo, aombe barua ya rufaa.

Pili, jumuiya ndogo ndogo zetu ziuone usafiri wa rufaa kuwa kazi yake. Tunachanga vizuri sana kwa ajili ya msiba: jeneza, gari, chakula. Nusu ya mchango ule, ukitolewa miezi miwili kabla, ungemfikisha mgonjwa Moshi angali na nguvu za kupanda basi mwenyewe.

Tatu, vijana wa VIWAWA na wana kwaya tuchangie damu pale watu wa Damu Salama wanapokuja. Mgonjwa wa saratani ya damu anayepewa dawa huhitaji damu na chembe sahani mara nyingi, nazo hazitengenezwi kiwandani.

Nne, tumwite padre mapema. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si tiketi ya kufa. Ni ya mgonjwa aliye hai, kumtia nguvu katika mapambano yake. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, ametuonya zamani tumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ni kazi ya Mungu. Sala na kipimo havigombani.

Tano, tuufunge mdomo unaotafuta mchawi. Katekista, mama wa WAWATA, mwenyekiti wa jumuiya: ukisikia jina la mtu linaanza kunong'onwa msibani, lisiishie kwako kimya. Kanusha.

Nilirudi kigangoni wakati wa likizo. Nilimweleza mzee habari za uboho, za seli zinazotembea bila kufanya donge, na za sungusungu wanaoasi. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe walikuwa walinzi wake mwenyewe." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Walikuwa wake mwenyewe." Jumapili iliyofuata ilikuwa Misa ya kumwombea marehemu. Mzee aliingia kanisani akiwa ameongozana na dada yake, yule mjane, akamketisha benchi la mbele pamoja na familia, mbele ya macho ya kijiji kizima. Hakutoa hotuba, wala haikuhitajika.

Raha ya milele umpe, ee Bwana.